Sinema Niliyoitafsiri Kwenye Ghala la Mkonge

Waliopita darasani kwangu wanajua jinsi nilivyomchukia mwanafunzi wa kubuni tafsiri. Niliwahi kumtoa nje binti wa watu kwa sababu ya sentensi moja aliyoitunga kichwani badala ya kuisoma. Alilia, na sikumwonea huruma. Sikumwambia mtu yeyote kwamba uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuusikia katika kazi hiyo niliusema mimi mwenyewe, kwenye kipaza sauti, baba yangu akiwa amekaa benchi la mbele.

Kwetu ni juu milimani, Pare ya Kusini. Ukisimama nyuma ya nyumba unaiona mistari ya mkonge huko chini tambarare. Nyumbani tulikuwa tumebaki wasichana wawili, dada yangu na mimi. Mama alikuwa na pumu, na kuna majuma ambayo hakuweza hata kuinua ndoo. Dada ndiye aliyelima, aliyechota maji na kumkalisha mama kitandani kifua kilipobana. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, nikirudi likizo na viatu vyangu vya kupaka rangi na maneno yangu ya Kiingereza. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, yote ya mwisho. Alikwisha kuniambia kwamba siku dada yangu akiolewa mbali, mimi nitaacha shule nirudi kumwangalia mama. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja siku ya gulio.

Na dada alikuwa amepata mtu. Kila juma alishuka gulioni Maore na ndizi na maharage, na huko alifahamiana na manamba mmoja, mkata mkonge wa mkataba kutoka pande za Songea, kijana mrefu aliyeimba akiwa kazini hata manyapara wakachoka kumnyamazisha. Alipanda mlima mara moja kuja kujitambulisha.

"Shikamoo mzee," alisema, kofia mkononi.

"Marahaba," baba alijibu, akiendelea kunoa jembe. "Na mshenga wako yuko wapi?"

Kijana akasema ndugu zake wako mbali, lakini atamwomba mwenzake wa kambini amsemee.

"Manamba hana mshenga," baba alisema. "Manamba ana nyapara."

Yakaishia hapo. Mama alimpa uji, akanywa, akashukuru, akashuka.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Yule kijana alikuwa amejiandikisha kwenye kijiji kipya huko kwao, ambako watu waligawiwa mahali pa kujenga na kulima pamoja. Mkataba wake shambani ulikuwa unakwisha, na lori lingewachukua yeye na wenzake Jumanne hadi stesheni ya Same. Alimwomba dada waondoke pamoja, wafunge ndoa huko huko. Jumamosi, tukimenya ndizi jikoni, dada aliniambia atampa jibu kesho yake, baada ya sinema.

"Jibu gani?" nikamwuliza.

"Nafikiri nitaenda," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona nyumbani kwetu.

Nilipaswa kumpongeza. Nilimwuliza kama chumvi ipo.

Gari la sinema lilikuwa limekuja siku mbili kabla. Kwa kawaida lilionyesha picha uwanjani giza likishaingia, lakini mwenyekiti wa tawi la chama alitaka wazee wa mlimani nao waone filamu ya kilimo cha pamoja, na wazee wasingepanda mlima usiku. Basi wakatumia ghala la mkonge la shamba, Jumapili baada ya ibada, madirisha yamezibwa kwa magunia na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Kulikuwa na joto la kumtoa mtu roho. Wazee walikaa mbele, manamba na familia zao nyuma, na akina mama wa kwetu pembeni, dada yangu kati yao. Yule kijana alisimama mlangoni.

Mtafsiri wa gari alikuwa ameachwa Same akiwa na malaria. Bwana sinema akauliza nani anajua Kiingereza, na nusu ya ghala ikanigeukia. Baba akaitikia kwa kichwa kuniruhusu, na niliona amejivuna. Nikapewa kipaza sauti.

Filamu ya kilimo ilipita, watu wakapiga makofi kwa adabu. Kisha ikaja picha ya kauboi. Alikuwa kibarua, mchunga ng'ombe wa watu, asiye na chochote ila farasi na sauti. Alimpenda binti wa mwenye ranchi. Baba wa binti alimtaka tajiri mmoja mwenye masharubu. Hiyo ndiyo hadithi yote, na kila walipofika mahali pagumu waliimba.

Sijaona tena watu wakitazama picha namna ile. Wazee hawakujali mapenzi, walikuwa wakihesabu ng'ombe. Mmoja alisimama kabisa akaniuliza wanyama wale wanalambishwa chumvi gani hata wakanenepa hivyo, kana kwamba ningeweza kumwuliza yule mtu wa kwenye shuka. Mwingine alitaka kujua mtu mzima anawaimbia ng'ombe wa mwenzake kwa faida gani. Manamba walicheka, lakini wimbo uliporudi mara ya pili walikuwa wameushika, wakawa wanauvumisha bila maneno, wanaume kwa wanawake, mpaka mabati yakatetemeka. Wale wawili walipobusiana, benchi lote la mbele lilitazama viatu. Akina mama hawakutazama viatu. Mimi nilifurahia kila dakika. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba na watu wazima walikuwa wakicheka niliposema wacheke.

Kisha kauboi akafukuzwa. Alimkuta binti uani akamwomba waondoke wote. Binti akaanza kuimba, taratibu, na ghala lote likanyamaza kusubiri niseme. Kiingereza changu kilikuwa cha vitabuni, lakini wimbo ule hata mtoto wa darasa la saba angeuelewa. Alikuwa anasema atamfuata popote, na nyumba ya baba yake itasimama bila yeye.

Nikamwona dada. Alikuwa ameinamia mbele, mikono magotini, akinitazama mimi, si shuka. Nikamwona baba. Na nikajiona nikirudi nyumbani bila viatu vya rangi, na ndoo kichwani.

"Anasema hawezi," nikasema. "Anasema, nakupenda, lakini siwezi kuwaacha wazazi wangu na kazi ya nyumbani. Nenda salama."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Tatizo likawa kwamba picha iliendelea. Binti yule yule akatoka, akapanda kigari cha farasi, akakaa kando ya kauboi, wakaondoka wakiimba kuelekea milimani. Watu wakanigeukia tena.

"Anamsindikiza," nikasema.

Wakakubali. Kwingine duniani wangenizomea, lakini kwetu mgeni hatoki nyumbani peke yake, na kadiri unavyomthamini ndivyo unavyomfikisha mbali. Binti aliyemsindikiza mtu hadi milima ile ya mwisho alionekana kwao amelelewa vizuri sana. Taa zikawashwa, wakapiga makofi. Kina mama wawili watatu walikuwa wakifuta machozi kwa ajili ya kauboi anayekwenda kuishi peke yake.

Nje niliwaona karibu na tangi la maji, dada na yule kijana. Dada alisema maneno machache. Kijana akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Nilikuwa na nafasi ya kutembea hatua ishirini na kusema kweli. Nilikwenda kumrudishia bwana sinema kipaza sauti chake, na nikakaa nikimsaidia kukunja waya ambazo hakuniomba nizikunje.

Jumanne dada alishuka na makande kwenye kibakuli chenye mfuniko, akamsindikiza yule kijana mpaka kwenye lori, akarudi mchana akaendelea kupalilia. Jumapili iliyofuata baba aliitaja ile picha mbele ya wanakwaya. Alisema hata Wamarekani, pamoja na mambo yao, wanajua binti mwenye adabu ni yupi.

Nilimaliza kidato cha nne. Nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa kazi mbali, nikaolewa mbali zaidi, na hakuna aliyenizuia kwa kuwa dada alikuwepo. Alimzika mama. Alimzika baba. Walimjia wachumba wawili, wajane wenye watoto, akawakataa kwa upole. Mimi nilituma barua na vitenge. Kila nilipoandika nilianza sentensi ya kukiri, nikaichana karatasi na kuanza upya na habari za mvua. Nilijiambia kwamba nikisema nitamwumiza bure, lakini ukweli ni kwamba niliogopa angeninyima barua zake.

Nimemwambia mwaka huu. Tulikuwa barazani tukichambua maharage, wazee wawili, yeye mgongo umepinda. Nilisema yote kwa mfululizo, bila kumtazama. Nilimweleza wimbo ulisema nini hasa, na kwamba yule binti hakurudi kwao.

"Najua," alisema.

Nikamwuliza kama aliiona tena mahali.

"Nimeiona wapi? Niliiona siku ile ile. Yule binti alipanda na sanduku. Nani anamsindikiza mgeni na sanduku la nguo zake? Wanaume walikuwa wanatazama farasi."

Nikamwuliza, kama hakunisadiki, kwa nini alibaki.

Alitupa kokoto uani kabla ya kujibu. "Sauti yako ilikuwa inatetemeka. Nikasema, huyu mtoto anamdanganya baba na kijiji kizima ili nisiondoke. Basi ana shida. Nikaona ngoja umalize shule kwanza, ndipo niende."

"Na nilipomaliza?"

"Ulipomaliza hukurudi," alisema, bila hasira, akasogeza ungo upande wangu. "Na yeye alikuwa ameshaoa."

Nililia, naye akaniacha nilie. Nilitaka kumwambia kwamba sasa nimestaafu, watoto wamekua, nitakuja nikae naye. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini tiketi ya basi la asubuhi ilikuwa mkobani mwangu, na maharage tuliyokuwa tukichambua yalikuwa ya kwangu, ya kuondoka nayo.