Mtaro Uliopita Kwenye Kahawa

Kazi yangu katika mradi wa maji ni ya mdomo. Wenzangu mjini Kasese wanapima na kuchora. Mimi napanda milima ya huku juu ya Bwera kuwaambia watu wafanye nini ili maji yaje. Mwaka juzi niliwaambia wachimbe mtaro. Ndio utaratibu wenyewe: kijiji kinachimba kwa mikono yake, serikali inaleta paipu. Walichimba wakiimba, nami nikapiga vigelegele kama mama wa bibi harusi.

Mtaro ulikata shamba la mjane mmoja aliyeolewa huku akitokea ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Nilimwomba mimi mwenyewe. Aling'oa kahawa iliyokuwa inazaa, bila kudai chochote, maana kila asubuhi anashuka bondeni na jerikeni na magoti yake yamechoka.

Paipu hazikuja. Kampuni iliyokosa zabuni ilikata rufaa, iliyoshinda ikajibu, mafaili yakazunguka, na mwaka wa fedha ukaisha fedha zikiwa hazijaguswa. Zikarudishwa hazina. Hakuna aliyeiba, na labda hilo ndilo linaloniudhi zaidi: sina hata wa kumtukana.

Juzi bosi alinituma tena. Zabuni itatangazwa upya, alisema, na wakaguzi watapita kuona mchango wa kijiji. Wakikuta mtaro umefukiwa, kijiji kitahesabiwa kuwa hakikuchangia, na kitaachwa nje. Kwa hiyo asifukie mtu, asipande mtu.

Nilimkuta mjane uani. Kando ya mlango palikuwa na miche ya kahawa kwenye makopo, majani yanang'aa. Kabla sijasema neno alinipa kikombe cha maji. Maji yale yalipanda mlima mgongoni mwake. Nilikunywa yote, maana kukataa ni kumtukana.

"Mutoto yangu, umekuya muzuri," alisema. "Nilitaka kukuuliza. Kwa ule mufereji, sasa nipande, ao ningoye?"

Nilimweleza. Nilijisikia nikitamka "utaratibu" na "ukaguzi", nikaichukia sauti yangu. Laiti angenigombeza. Alisikiliza tu, mikono mapajani, kama mtoto anayeelezwa mtihani.

"Paipu itakuya lini?"

"Sijui, mama."

"Ao haitakuya?"

"Hilo pia sijui."

Aliitazama miche. Alikuwa ameiotesha kwa mbegu za miti ileile aliyoing'oa kwa ajili yangu, airudishe mahali pake. Shamba lake ni jembamba, na sehemu iliyobaki ina mihogo anayokula. Hana pengine pa kupanda.

"Mizizi imejaa mu kopo," alisema. "Itakufa hapa." Akaipanga kwenye beseni, kopo moja moja, akaniinulia. "Peleka kwako. Kwako hakuna mufereji."

Nilitaka kusema hapana, lakini ningemwambia aifanyie nini? Nilijitwika, nikashuka. Njiani nilikutana na watu waliochimba ule mtaro, wakitoka bondeni na jerikeni zao. Walisimama kunipisha, wakanifurahia.

"Hongera, dada! Umepewa kahawa!"

Nikamwitikia asante kila mmoja wao, mpaka nilipofika barabarani.