Foleni ya Ugali wa Muhogo

Majina yao wote ninayo kichwani, kuanzia mhubiri aliyetoka ng'ambo mpaka mama aliyekuwa akichochea kuni upande wangu. Siyaandiki. Wengine bado tunasalimiana sokoni Mbinga, wengine tumeshawazika, na huyo ninayetaka kumweleza hasa hapendi kutajwatajwa. Nitamwita msichana wangu. Yule mwingine nitamwita wifi, maana ndivyo tulivyoitana.

Msichana wangu hakutoka tumboni mwangu. Alikuwa mtoto wa mdogo wangu, aliyefariki mtoto hajaota hata jino. Baba yake alihangaika huku na huku, na zilipovuma habari za vito Tunduru, akaenda huko na hatukumwona tena. Mimi ndiye niliyemlea. Alipaswa kuniita mama mkubwa, kwa kuwa mimi ni dada wa mama yake, lakini yeye aliniita mama tu, na hakuna aliyemrekebisha. Mimi ndiyo kabisa sikumrekebisha.

Miaka ile mambo yalikuwa yanabadilika. Wanunuzi wa kahawa walikuja na mizani zao mpaka mlangoni, kila mmoja na maneno yake. Mitumba ikajaa minadani. Msichana wangu alimaliza la saba, hakuchaguliwa, akabaki nami kijijini Mpepai tukichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kwenye mteremko. Alikuwa anaimba akilima. Jirani akiugua, walimwita akamwimbie.

Ndipo likatangazwa kanisani kwamba kutakuwa na mkutano wa vijana wa mataifa kule ziwani, na mahubiri ya wazi kila jioni. Makanisa yote yameungana. Vijana watatoka Malawi, Zambia, Msumbiji, hata Ujerumani. Kila kigango kitoe kwaya, na kina mama wa kupika, na unga na maharage. Msichana wangu alichaguliwa kwaya siku hiyohiyo. Mimi nikanyoosha mkono kwenye upishi. Watu wakasema nina moyo wa kujitolea. Moyo gani? Nilijua kule ziwani yuko shangazi yake.

Shangazi mtu ndiye wifi. Dada wa yule baba aliyepotelea Tunduru. Kwetu mtoto ni wa kwa baba yake, hilo hata mtoto mdogo analijua, na wifi alikuwa ameshatuma salamu mara kadhaa kwamba damu yao ilelewe kwao. Alikuwa na cherehani na meza ya mitumba, hana mtoto wa kike. Kila salamu ilipofika mimi nilisema, "Tutaona." Nilitumaini hatutaona.

Tulishuka na lori kutoka Mbinga, magunia chini, sisi juu, kwaya inaimba mpaka makoo yakakauka. Ziwani joto lilitupokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri la matofali. Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa maturubai na vipaza sauti. Mashua ya Wamalawi ilikuwa imefika asubuhi hiyo, na vijana wao walikuwa wameshazoeana na wa kwetu, maana Kinyanja na Kinyasa vinasikilizana. Wazungu walikuwa wachache, pua zao zimeanza kubanduka kwa jua.

Sijaweka hata kapu langu chini nikasikia, "Wifi. Umeshuka mwenyewe? Nilidhani ninyi wa milimani mnaogopa maji."

"Maji hatuogopi," nikasema. "Tunaogopa wanaokaa kando yake."

Akacheka. Alikuwa na meno mazuri, siwezi kumnyima hilo. Msichana wangu akapiga goti, "Shikamoo shangazi," na yule akamwinua kwa viwiko, akamgeuza, akamwangalia mgongo kama mtu anayechagua kitambaa. "Huyu ni kaka yangu mtupu," akasema. "Hata kisigino." Mimi niliyekiosha kile kisigino miaka yote sikuwahi kuona kwamba ni cha mtu mwingine.

Kesho yake mtoto alivaa gauni la bluu na viatu vyenye kifungo. Sikuuliza vimetoka wapi.

Sasa, upishi wenyewe ulipangwa hivi. Sisi wa milimani tulipika ugali wa mahindi upande wa mwembe mfu, na wao wa ziwani walipika ugali wa muhogo upande wa pili, na kila mmoja alikwenda kwenye alichozoea. Foleni mbili, zinaonana. Wamalawi wengi walikuja kwangu. Wazambia wakaja kwangu. Wajerumani walikuja kwangu, wakarudi kuongeza. Nilikuwa na foleni ndefu kuliko wifi, aliyekuwa akipakua pale ng'ambo na kitambaa chekundu kichwani. Lakini jicho langu lilikuwa kwa mmoja tu, na huyo, mchana ule wa kwanza, alisimama kwenye foleni ya muhogo.

Nikajiambia anaonja.

Jioni akasimama palepale. Kesho yake palepale. Mtoto niliyemlea kwa mahindi, aliyekuwa akisema muhogo unanuka. Nilimwona akilamba vidole kwa mchuzi wa mbasa, samaki wao wanaomsifia utadhani walimuumba wenyewe. Mama aliyekuwa ananichochelea kuni akasema, "Dada, unakoroga au unachimba? Utatoboa sufuria."

"Koroga wewe," nikamwambia.

Siku ya tatu msichana wangu alikuja kwangu kweli, lakini si na sahani. Alikuja na rafiki yake wa Kimalawi, wameshikana mikono. Akamwambia yule rafiki, "Njoo nikuonyeshe. Huyu ni mama mkubwa wangu."

Yule binti wa Kimalawi akapiga goti vizuri sana. Mimi nikamwitikia, nikamuuliza habari za kwao, nikacheka, nikafanya yote. Wala hakukosea, mtoto. Ndivyo nilivyo. Lakini nilijua neno lile hakulitoa Mpepai.

Mchana huo nikamfuata wifi kwenye mafiga yake.

"Unamfundisha nini mtoto?"

"Nimemfundisha kupiga pindo," akasema, hata hakuinua uso. "Ana mkono. Kule kwako atapiga pindo mashimo?"

"Mashimo hayo ndiyo yaliyomkuza."

"Sijakataa. Wifi, mahari ya mdogo wako tulitoa yote. Uliza wazee wako."

"Mahari mlitoa," nikasema. "Ya uji je? Ya homa? Usiku alipolia mlituma nani?"

Wale kina mama wa ziwani wakasimamisha miiko yao. Wifi akasema kwa sauti ya chini, "Sikumwiba. Nimemuuliza kama anataka kukaa. Amesema atakujibu wewe."

Afadhali angenitukana. Kumbe lilikuwa limeshazungumzwa, na mimi nilikuwa nasubiriwa tu kama gari.

Jioni ya mwisho mhubiri mgeni alihubiri, mkalimani akiruka pale aliporuka yeye. Nilimsikia kutoka jikoni. Akawaita mbele vijana wanaotaka kuyaweka maisha yao mikononi mwa Mungu, na wakatoka wengi, wa kila taifa. Kisha akasema, kila kijana aliyekuja mbele, mzazi wake au mlezi wake aje asimame nyuma yake, amwekee mkono begani. Nikamtafuta kwa macho. Gauni la bluu lilikuwa mstari wa mbele, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Halafu nikakiona kitambaa chekundu kinapita katikati ya watu.

Sijui nililiruka vipi lile figa. Nilikimbia uwanja mzima na mwiko mkononi, mwiko wa sufuria ya watu mia, watu wakinipisha kwa sababu walidhani nimepandwa na pepo na nakwenda kuombewa. Tulifika pamoja. Wifi akaweka mkono wake bega la kulia. Mimi nikaweka wangu la kushoto, umejaa unga. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Mhubiri aliomba maombi marefu, mkalimani akayarefusha, na chini ya kiganja changu nilihisi bega la mtoto linatetemeka. Analia kwa sababu ya Mungu au kwa sababu yetu, sikuweza kujua. Hakugeuka. Nadhani aliogopa kugeuka, maana angegeukia upande mmoja.

Asubuhi lori liliwashwa. Msichana wangu alikuja na kapu langu kichwani, kapu langu tu. Lake hakulileta. Akalipandisha, akalipanga vizuri lisimwagike, akashuka, akasimama mbele yangu akiangalia vile viatu vya kifungo.

"Mama," akasema.

Alisema hivyo, mama. Nikajua basi ameshaamua, maana mtu hakupi tamu bure.

"Unabaki."

"Nijifunze cherehani. Kule nyumbani nitafanya nini zaidi? Kahawa ikiiva nitakuja kuchuma."

"Njoo ukipenda."

"Nitakuja, mama."

Nikapanda lori. Wifi alikuwa amesimama mbali kidogo, safari hii hana kitambaa kichwani. Ningemwona anatabasamu ningeshuka. Hakutabasamu. Nikamwambia, "Akikohoa usimpe dawa ya duka kwanza. Mpe maji ya moto na limao, alale." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa kazi.

Lori likaanza kupanda. Kwaya wakaanza nyimbo za mkutano, hata zile za Kinyanja walizojifunza kwa Wamalawi, na sauti moja ilikosekana pale juu, wote wakaisikia. Mama wa kuni akanisogelea, tukiwa tumeshaliacha ziwa nyuma.

"Mtoto wako yuko wapi?"

Nikafunga khanga yangu vizuri. Nikasema, "Nimemwacha kwa shangazi yake ashone. Ana mkono, yule."

"Umefanya jambo," akasema.

"Ndiyo," nikasema. Kisha nikageukia upande wa milima, asinione uso.