Vidole Ametuacha

Komando wa Sauti, Mtumishi wa Wasanii Wote, mwana wa fundi cherehani aliyezishonea sare bendi mbili bila kuingia dansini hata mara moja, mjukuu wa yule mpiga tarumbeta wa gereza ambaye wafungwa wenyewe waliomba apunguziwe zamu. Hilo ndilo jina lake kamili, na alilitamka lote mwanzoni mwa kila wimbo. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alimwita Komando tu, tena akiwa na nafasi.

Alikuwa msanii wa kujitegemea. Maana yake, hakuwa na bosi wala mfadhili. Alitegemea kompyuta ya shemeji yake, umeme wa jirani na kabati la mkewe. Kabati ndilo lilikuwa studio. Alijifungia humo na kipaza sauti, katikati ya magauni, kwa sababu nguo hunywa mwangwi. Zilikunywa na jasho lake pia, hata mwalimu akawa anaingia darasani ananukia kiitikio.

"Komando, toka humo, nataka sketi ya bluu."

"Mke wangu, niko katikati ya ubeti!"

"Ubeti utangoja. Watoto wa watu hawangoji."

Mazungumzo hayo yote yakaingia kwenye wimbo. Komando hakuyafuta; alisema yanaleta uhalisia.

Lakini kipaji chake hasa hakikuwa kuimba. Kilikuwa kuwapenda wenzake. Hapakuwa na onyesho alilokosa. Alipanga viti, akakaa mbele, akalia machozi hata kwenye nyimbo za kuchekesha. Kisha akirudi kabatini huanza kutuma salamu: kwa wapiga ngoma, kwa waimbaji, kwa mafundi mitambo, kwa anayefagia ukumbi. Msikilizaji anapofika kwenye wimbo wenyewe, umekwisha. Nao wenzake hawakumtaja hata kwa bahati mbaya. Mama Kiitikio, mwimbaji mkubwa kuliko wote hapo mjini, alisifiwa naye miaka nenda miaka rudi, na bado alimwita "yule wa viti".

Ndipo Mzee Vidole akakubali. Vidole alikuwa mpiga gitaa, mzee mwenye pengo la meno ya mbele na mkono ambao watu walisafiri kuja kuutazama. Komando alimfuata mara nyingi, akimwomba ampigie gitaa kwenye wimbo mmoja tu, hadi mzee akachoka kukataa.

"Njoo Jumapili na mitambo yako. Ukichelewa nalala."

Komando alirudi nyumbani haoni njia. Kumbuka, katika nyimbo zake zote hakuna mtu aliyewahi kukubali kusikika naye, ukiacha mkewe na ile sketi. Akaona haiwezekani kumpokea mzee mikono mitupu. Akaingia kabatini, akamtungia wimbo wa sifa. Na kwa vile alikuwa anaimba kwa mapenzi, sauti ilimtetemeka, pua ikaziba, akafika kwenye kiitikio: "Vidole, Vidole, Vidole ametuacha..." Hapo akapumzika, maana alijifunza kwa wakubwa kwamba neno zito hutanguliwa na kimya. Halafu akamalizia: "...midomo wazi!"

Jumamosi akataka kuutangaza kwa watu wote wa kwenye simu yake. Simu haikutaka wimbo mzima, ilitaka kipande. Akakata. Akakata pale penye pumzi, kama fundi yeyote mwenye akili angekata.

Kabla chai haijapoa simu ikaanza kulia. Ujumbe juu ya ujumbe. "Pole sana, Komando." "Poleni nyote wasanii." Komando alifurahi mno. Hakuwahi kupewa pole ya kazi na watu wengi namna hiyo. Akawajibu mmoja mmoja: "Asanteni, kazi ni ngumu lakini tunapambana."

Mmoja akaandika: "Pengo lake halitazibika."

Komando akajibu: "Ni kweli, hata daktari wa meno alishindwa."

Akamwonyesha mkewe. "Unaona? Wimbo umewaingia watu."

"Mbona wanakupa pole badala ya hongera?"

"Wewe si msanii, huwezi kuelewa."

Jumapili akabeba mitambo yake na kwenda, mwalimu nyuma akimshikia nyaya. Walipokata kona wakaona turubai mbele ya nyumba ya Vidole, viti vimejaa, wanawake wanalia. Komando akamkamata mama mmoja mkono.

"Dada, kuna nini?"

"Vidole! Kwani hukusikia? Imetangazwa kwa wimbo!"

Hakuuliza wimbo gani. Akaitupa mitambo chini, akaanguka, akalia kuliko wote, kwa sauti ileile iliyotetemeka kabatini: "Vidole ametuacha! Gitaa la wimbo wangu nani atalipiga?"

Wakati huo Mama Kiitikio alikuwa amesimama katikati, kitambaa machoni, anaungama mbele ya watu kwamba ule wimbo uliompa jina alitungiwa na Vidole, na yeye akasema ni wake. "Nilingoja siku nzuri ya kumshukuru," alilia. "Siku yenyewe ndiyo hii!"

"Ni hii kweli," ikasema sauti kutoka dirishani. "Endelea, mama, hapo ulipofika panapendeza."

Viti vikaanguka. Vidole akatoka na gitaa begani, amevaa soksi mguu mmoja.

"Nilikuwa nimejifungia ndani nimelala," alisema. "Nikaamka nasikia nasifiwa. Nikajiambia, nikitoka mapema watanyamaza. Sasa nani aliyenizika?"

Mama mmoja akainua simu, akachezesha kipande. *Vidole ametuacha.* Macho yote yakamgeukia Komando, bado yuko mavumbini.

"Kimekatwa!" akapiga kelele. "Kuna midomo! Midomo ilibaki nyumbani!" Akaufungua wimbo mzima, akapitisha salamu zote za mafundi mitambo huku watu wakimkodolea macho, hadi midomo wazi ikasikika. Hakuna aliyecheka isipokuwa mwalimu.

"Mzee, shikamoo," Komando akasema kwa sauti ndogo. "Nitaelewa ukikataa kupiga."

Vidole akawaonyesha waombolezaji kwa mkono. "Hawa wote wamenijua maisha yangu yote. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia nina thamani, na ni kwa sababu ya ujinga wako. Nitapiga. Lakini jina langu usilitaje popote. Nataka kuendelea kuishi."

Wakarekodi palepale chini ya turubai, maana viti vilikuwepo na watu walishakaa. Mama Kiitikio aliitikia bila kuombwa, akitafuta msamaha. Gitaa lilitoka safi kama maji.

Komando alibeba mitambo mwenyewe mpaka getini kwake. Hapo akampa mkewe kompyuta ya shemeji, kwa mikono miwili.

"Kuanzia leo mimi naimba, wewe unakata. Sikiliza kila neno la mwisho. Likisimama peke yake likaleta msiba, usikate hapo."

"Na nikisikiliza nikaona wa kukatwa ni wimbo mzima?"

Komando akaishika tena kompyuta kwa mkono mmoja.

"Basi niachie gitaa."