Kicheko Penye Mawe ya Wacheza Ngoma

Leo mafundi wanachonga mawe ya nyumba yangu hapa Lodwar, nyumba ya kwanza ya mawe katika ukoo wetu, niliyoichora mwenyewe kwa diploma yangu ya ujenzi. Vumbi la jiwe lenye joto liliponiingia puani, nilikuwa tena mtoto, kwenye njia ya kwenda ziwani na nyanya na dada yangu mdogo.

Kando ya njia hiyo yamesimama mawe meusi. Wazee husema walikuwa watu wakicheza ngoma. Walimcheka mzimu, wakageuka mawe. Kila apitaye huweka kijiwe juu yao.

"Ejok," nyanya aliyaamkia mawe kwa Kiturkana, akaweka kijiwe chake. "Hapa hakuna kucheka."

Dada yangu aliposikia hivyo, akaangua kicheko. Nikamshika mkono, nikaupapasa kuona kama umeanza kuwa mgumu.

"Nyanya, atageuka jiwe!"

Nyanya aliyatazama mawe, akamtazama mtoto. Kisha akamkumbatia, naye akacheka kwa sauti, mapengo yote nje.

"Wakimchukua, watuchukue wote wawili," akasema. "Huku mawe­ni peke yake atalala na nani?"

Mimi nilijiona mwanamume tayari. Lakini nikajipenyeza katikati yao huku machozi yakinitoka, nikacheka kuwashinda wote.