Taa za Mchana Hadi Simbo

Niliondoka Gungu kwenda Simbo kwa sababu ya barua ya posa. Mpwa wangu Yusufu alimpenda binti wa Mzee Butoyi, nami nikateuliwa kuwa mshenga kwa kuwa ni karani mstaafu na nina baiskeli ya umeme. Mzee Butoyi alikwishatuma neno: barua isipofika Jumamosi kabla ya adhuhuri, atapokea ya kijana mwingine. Yusufu alikosa usingizi wiki nzima.

Ijumaa nilikwenda Kibirizi kwa Fundi Rajabu, anayetengeneza taa za wavuvi wa dagaa. Nilikuwa nimesoma kwamba katika nchi za watu baiskeli huwashwa taa hata mchana ili madereva waione, na mimi sipendi kupitwa. Fundi akaeleza kwamba betri yangu ina volti arobaini na nane, taa ndogo zinataka kumi na mbili tu, akaweka katikati kidude cha kupunguza umeme. Akauliza swichi aiweke wapi. Nilimjibu kwa maringo kwamba usalama hauzimwi. Akanitazama kidogo, kisha akaunga nyaya moja kwa moja.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilitoka na koti langu, barua mfukoni, taa mbili mbele na moja nyekundu nyuma. Kila bodaboda niliyepishana naye alinifumbia na kunifumbulia vidole, ile ishara ya kumkumbusha mtu kwamba hajazima taa. Ujiji, wanywa kahawa wa barazani walinisimamisha kabisa. Nikawapa somo zima la usalama barabarani. Mmoja akauliza kwa upole kama jua la Ujiji halinitoshi. Nilimjibu kwa urefu, na muda ukanipita.

Ilinibidi nivuke bonde la Luiche kwa mwendo wa juu kabisa, na kwenye kilima kinachofuata mota ikakata. Taa hazikukata. Fundi alinieleza mapema kwamba zinakula umeme kidogo mno, hivyo masalio ya betri yanayoshindwa kusukuma mota huziwasha muda mrefu. Nikashuka, nikaanza kusukuma, kichwa chini, jasho likinitiririka usoni.

Simbo niliingia saa sita kasoro. Wanawake waliokuwa shambani waliacha majembe, wakanifuata kimya kimya. Nilidhani ni heshima. Kwetu, taa zikiwaka mchana ni msafara wa msiba, na habari ya kifo haipigwi kwenye simu, huletwa na mtu. Nami sikujua kwamba Mzee Bukuru, pacha wa Mzee Butoyi, alikuwa amelazwa mjini tangu Jumatano.

Nilipofika uani kilio kikaangushwa. Mzee Butoyi alinijia mbio, akaushika usukani wa baiskeli.

“Sema tu, ndugu yangu. Kaka ametutoka saa ngapi?”

“Shikamoo Mzee. Mimi nimeleta posa.”

Alinitazama, akazitazama taa. “Zizime.”

“Hazina swichi, Mzee.”

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilizifunika taa kwa koti, na mzee akasema barua haipokelewi juu ya machozi. Saa sita ilikuwa inagonga mlango na Yusufu anampoteza mtu wake kwa sababu yangu. Nikamsihi kwanza ampigie simu mgonjwa huko hospitali. Aliyepokea ni Mzee Bukuru mwenyewe, akataka kujua nani analiliwa huko. Akaambiwa. Sauti yake ikasikika uani kote.

“Barua ipokeeni, kijana hana kosa. Ila msiipokee kutoka mkononi mwa mtu huyo.”

Nikamkabidhi jirani mmoja aliyekuwa amelia kuliko wote. Alijifuta uso, akaingia nayo ndani kabla ya adhuhuri, akaketishwa kwenye mkeka, akaandaliwa ugali na samaki wa migebuka, mlo wa mshenga. Mimi niliisikia harufu kutoka nje.

Jioni nilirudi Gungu, baiskeli imefungwa nyuma ya pikipiki ya matairi matatu, koti bado juu ya taa. Nilichojifunza ni kwamba penye mgonjwa, mgeni husomwa kabla ya barua yake.

Yusufu ameoa. Siku ya harusi Mzee Bukuru, mzima wa afya, alinisalimia vizuri sana, kisha akaomba nihamishiwe meza ya mbali.