Siku Nilipoutambua Mninga

Kiangazi kile niliajiriwa kupima miti kwenye msitu wa Biharamulo. Mimi nilizungusha utepe kwenye shina na kusoma kipimo. Majina ya miti aliyataja mama mmoja, mkulima wa Runazi.

Asubuhi moja akaniambia, "Leo taja wewe, mwanangu."

Nikakwangua gome kwa panga. Utomvu mwekundu ukachuruzika.

"Mninga!" nikapiga kelele.

"Ndio wenyewe!"

Kwa furaha nikaukumbatia ule mti kwa nguvu, nikasahau utomvu. Kiongozi wetu alipoliona shati langu akaja mbio na sanduku la huduma ya kwanza.

"Umejikata wapi?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tulipima upya mara tatu, maana kila nikianza kusoma namba, kicheko kilinibana tena.