Asiyeonekana Mbele ya Boneti

Nimeendesha magari ya ofisi na ya miradi hapa Pemba tangu ndevu zangu nyeusi, na sijawahi kulipenda gari kama nilivyolipenda lile. Liliteremshwa bandarini likiwa bado na nailoni kwenye viti: refu, pana, matairi yenye meno, na boneti pana iliyonyooka mbele kama meza. Mradi wa kilimo niliokuwa nikiufanyia kazi ulilinunua kwa ajili ya njia za Mgogoni, ambako masika yakishika hata ng'ombe hutafuta pa kukanyaga.

Pamoja na gari nilipewa fomu. Mhandisi wa mradi, mwanamke kutoka Bara aliyekuwa akiishi Chake Chake, aliniambia, "Kaka, liendeshe mwezi mmoja, kisha niandikie kila kinachokukera. Usinifiche, maana wanataka kuagiza mengine."

Niliandika. Niliandika kwamba ukitaka kupunguza kiyoyozi lazima uguse skrini mara tatu, na njia ikiwa na mashimo kidole kinaangukia redio. Niliandika kwamba tairi la spea limefungwa chini ya sakafu, kwa hiyo ukipata pancha topeni, unalala hapo hapo topeni kulifungua. Tena kwamba mlango uko juu mno, na kina mama wa vikundi vya kilimo tulikuwa tukiwapandisha kwa kuwashika mikono huku wakicheka kwa haya.

Boneti sikuiandika, kwa sababu niliipenda. Nikikaa nyuma yake nilijiona bwana.

Na kengele ya mbele sikuiandika pia, kwa sababu nyingine. Gari lilikuwa na vitambuzi vinavyolia ukikaribia kitu, na njia zetu kila kitu kiko karibu: majani, migomba, kuku, ukuta wa mtu. Ililia tangu asubuhi mpaka jioni. Siku ya nne nikajifunza kuizima. Ikawa ndiyo kazi yangu ya mwanzo kila nikiwasha gari, sawa na kufunga mkanda, na sikuona haja ya kumwambia mtu.

Ijumaa moja ya msimu wa karafuu nilipita nyumbani kwetu Pujini baada ya sala. Mama anaishi pale na dada yangu. Gari nililiegesha uwanjani, mgongo wake mlangoni, pua yake ikilitazama jamvi ambalo mama alianikia karafuu zake. Tukala. Nikaenda uani kunawa, na nilipokuwa huko wingu likafunga ghafla. Niliifikiria njia ya kurudi, nikapita ukumbini haraka, nikaaga kwa sauti nikidhani mama yuko chumbani.

Niliingia garini na kufunga mlango. Ndani ya gari lile ukishafunga mlango husikii kitu cha nje. Nikawasha, kidole kikaizima kengele chenyewe, nikakata usukani kulia ili nipite ukingoni mwa jamvi, nikaondoka polepole.

Nilimwona dada. Alitokea ubavuni mwa nyumba akikimbia, mikono kichwani, mdomo wazi, na mimi sisikii hata neno. Mwanzo nilidhani ananikimbiza kwa sababu nimesahau kitu. Kisha akaanza kupiga dirisha kwa viganja vyote viwili.

Nilikanyaga breki na kuruka chini.

Mama alikuwa amelala ubavu mbele ya gari, juu ya karafuu zake. Alikuwa amechutama akizizoa kabla ya mvua. Gari lilikuwa limemsukuma na kumwangusha, na tairi lilikuwa limesimama juu ya pindo la kanga yake. Pindo tu. Kati ya tairi na paja lake ningeweza kupitisha ngumi yangu. Nikabaki nimesimama. Dada ndiye aliyeichana ile kanga.

"Mama," nilisema.

"Nkono wangu," alisema, taratibu, kama anayeulizia kitu alichokiweka mahali.

Tulimpeleka hospitali kwa gari lile lile. Kwa mkono mmoja hakuweza kupanda, nikambeba, dada akinishika mgongo. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Wakamfunga plasta, wakasema mengine yote salama. Nilikaa kwenye benchi la nje na kila nikifumba macho niliiona boneti tu, pana, safi, na juu yake hakuna kitu.

Siku zilizofuata watu wengi walikuja kumpa pole. Mama aliwapokea, akacheka nao. Mimi alinijibu kila nilichomuuliza na hakuongeza. Siku ya tano, tulipobaki wawili, aliniuliza bila ya kunitazama:

"Uliniona?"

"Wallahi sikukuona, mama."

"Gari refu vile. Uko juu kama ulo darini. Usinione mimi?"

"Sikukuona."

Aliipanga upya kanga juu ya plasta. Nikaelewa kuwa hakuniamini, na hilo lilinishtua kuliko plasta. Mama yangu alikuwa akifikiri nini juu yangu?

Kazini nilimweleza mhandisi kila kitu, na kengele pia. Nilitegemea anifokee. Alivua miwani.

"Kila siku ulikuwa unaizima?"

"Kila siku."

"Na kwenye fomu hukuandika."

"Sikuandika."

Akaniambia waliotengeneza gari lile walitaka lipite kwenye maji na lipande mawe bila kugusa, ndiyo maana pua imeinuliwa. Walijua dereva atapoteza kuona karibu, wakaweka kengele ilinde pale macho yasipofika. "Sasa kengele inalilia jani na inamlilia mtu kwa sauti ile ile," alisema. "Wao wamekosea, na wewe umekosea. Nipeleke kwa mama."

Tulifika jioni. "Shikamoo, mama. Pole sana," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nshapoa."

Mhandisi alimwomba apande kwenye kiti cha dereva. Mama alikataa, kisha akakubali, nikambeba tena na kumkalisha nyuma ya usukani, mkono wake wa plasta mapajani. Nikazunguka na kukaa kando yake. Mhandisi akamchukua dada, wakaenda mbele ya gari, wakachutama.

Mama alitazama. Akajivuta mbele, akanyoosha shingo.

"Wamekwenda wapi?"

"Wapo mbele, mama."

"Mbele wapi? Mbele hapana ntu."

Mlango niliuacha wazi, na mhandisi alisikia. Akanyoosha mkono juu, na kwenye ukingo wa boneti vikatokea vidole vitano. Mama alishtuka, akanishika goti.

"Subhanallah," alisema. "Watu wawili wazima!"

Mhandisi akarudi nyuma hatua moja, akachutama, hakuonekana. Akarudi nyingine, na nyingine. Alifika katikati ya uwanja ndipo utosi wake ulipochomoza. Mimi mwenyewe, niliyelisifia gari lile kwa kila mtu, nilizihesabu hatua zake.

Mama hakuuachia mguu wangu. "Niliisikia injini," alisema polepole. "Nikasema moyoni, mwanangu ananiona, atangoja. Lilipokuja, nikasema, kaniona, na bado anakuja." Alipumua. "Siku zote hizi nalala na neno hilo."

Nililia mbele ya mama yangu, mtu mwenye mvi, na yeye akaniacha nilie.

Mhandisi aliandika ripoti yake, na fomu nikaiandika upya, kengele na boneti juu kabisa. Fundi wa mjini alitufungia kioo kidogo cha duara mbele, kama cha malori. Kibaya kwa sura, lakini sasa naona kilicho chini ya pua ya gari. Na siingizi gia kabla sijalizunguka gari kwa miguu. Magari mengine yaliyoagizwa sijui kama yatakuja na pua ile ile.

Jioni ile mama alipotosheka kutazama, aliniambia, "Niteremshe. Kisha likae huko barabarani. Hapa kwetu watu wanakaa chini."